Mkaa, Nikeli na Mfupa: Metali na Mwili katika Historia ya Biharamulo na Ngara

Wilaya za Biharamulo na Ngara, kusini mwa Mkoa wa Kagera, huingia katika vitabu vya historia kwa milango michache inayojulikana: hongo ambayo Suwarora, mtawala wa Rusubi, aliwatoza John Hanning Speke na James Grant mwaka 1861, boma la Wajerumani lililosimama Biharamulo, nchi ya Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kisha ikaangukia upande wa Tanganyika, na umati wa wakimbizi uliovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994. Historia ya metali za nchi hiyo husimuliwa mara chache zaidi, ingawa ni ya zamani kuliko yote hayo, na ingawa inagusa jambo ambalo wataalamu wa tiba ya mifupa wanalihangaikia hadi leo, yaani namna kitu kilichotengenezwa kwa moto kinavyoweza kukaa ndani ya mwili wa mtu bila kuziua seli zake.

Metali zenyewe ni mbili, na kila moja ina zama zake. Ya kwanza ni chuma, ambacho wahunzi wa Kirongo walikiyeyusha katika misitu ya Biharamulo na Geita hadi karne ya 20; ya pili ni nikeli, iliyolala chini ya vilima vya Kabanga wilayani Ngara na kugunduliwa katika miaka ya 1970. Zote mbili zina tabia moja ya kikemia ambayo ndiyo kiini cha makala haya: zikipata joto kali huyeyusha kaboni ndani yake, na zikipoa huitoa sehemu ya kaboni hiyo. Kutokana na tabia hiyo Warongo walipata majembe yenye makali, na kutokana nayo pia maabara za karne ya 21 zimepata grafini, utando wa atomi za kaboni wenye unene wa atomi moja tu, ambao watafiti wengi wanatumaini kuutumia kukuza mfupa upya mahali ulipovunjika au kupotea.

Kagera ni miongoni mwa maeneo ya kale zaidi ya uyeyushaji wa chuma katika Afrika Mashariki. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyeanza kazi yake Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, alichimba Katuruka, mahali ambapo masimulizi ya Wahaya yanapahusisha na mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma aliotaka ufike mbinguni, akakuta mabaki ya tanuri pamoja na vyungu vya aina ya Urewe ambavyo tarehe zake zinarudi nyuma hadi milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Baadhi ya tarehe hizo zimepingwa na wataalamu wengine, lakini hakuna anayekanusha kwamba ustadi ulikuwepo, na kwamba ulidumu muda mrefu kuliko falme zilizoutegemea. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani waliombwa kuirudia mbele ya watafiti, nao wakajenga tanuri, wakachimba shimo chini yake na kulijaza majani ya kinamasi yaliyounguzwa, wakaingiza ndani kewa, yaani mirija ya udongo inayopitisha upepo wa mivukuto, kisha wakapanga mkaa na mtapo. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science, wakieleza kwamba upepo uliopashwa moto ndani ya kewa kabla ya kufika kwenye mkaa uliongeza joto la tanuri kwa kiwango kisichotarajiwa. Hoja ya upepo uliopashwa moto ilizua mabishano ya miaka mingi. Yale majani ya kinamasi hayakujadiliwa sana, na huenda ndiyo yaliyostahili kujadiliwa zaidi, kwa kuwa yaliunda kitanda cha kaboni ambacho matone ya chuma na mavi ya chuma yalipita juu yake na kukaa humo, chuma kikinyonya kaboni kadiri kilivyokaa.

Upande wa kusini, Warongo walikuwa na desturi inayofanana na hiyo bila kuwa ileile. Hawakuwa ukoo mmoja, bali kundi la mafundi lililokusanya watu wa asili mbalimbali katika nchi ya Wazinza, na biashara yao kubwa ilikuwa jembe. Majembe ya Uzinza na Rusubi yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi, ambako yalinunua mifugo na nafaka na kuingia katika mahari, kwa hiyo jembe lilikuwa chombo cha kulimia na pia akiba ya mali ambayo mtu angeweza kuiweka na kuitoa siku ya shida. Tanuri la Kirongo lilisimama porini, mbali na makazi, karibu na kuni nzuri za mkaa. Mafundi walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi, kwa sababu tanuri lenyewe lilihesabiwa kuwa mke anayetarajiwa kuzaa, na chini ya shimo lake zilifukiwa dawa ambazo alama zake Schmidt, pamoja na mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda, walizichunguza baadaye ili kuonyesha kwamba imani inaweza kusomwa katika udongo sawa na teknolojia. Watawala wa kikoloni na wamisionari wa mwanzo waliona ushirikina mtupu katika mambo hayo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, kwa kuwa fundi asiye na kipimajoto wala mizani ya kemia alihitaji utaratibu usiovunjwa, na mwiko ni mlinzi mzuri wa utaratibu.

Ndani ya tanuri mkaa ulifanya kazi tatu kwa pamoja. Ulitoa joto, ulinyang'anya mtapo oksijeni yake ili chuma kibaki peke yake, na uliingia ndani ya chuma chenyewe. Kaboni ikiwa kidogo sana, chuma hubaki laini na jembe hupinda; ikifika kiasi cha kadiri, kisichozidi takribani asilimia 2 ya uzito, hupatikana pua, yaani chuma kigumu kinachoshika makali; ikizidi hapo, chuma hushindwa kuibeba yote kinapopoa, na ziada hujitenga ndani yake kwa vipande vidogo vyeusi vinavyong'aa na kuteleza, ambavyo ndivyo grafiti. Grafiti hiyo, sawa na ile inayopatikana Mahenge mkoani Morogoro, ni rundo la tando nyembamba za kaboni zilizolaliana, na utando mmoja ukitengwa peke yake ndio grafini.

Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliingia kwa bei ambayo tanuri la porini halikuweza kushindana nayo, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 uyeyushaji ulififia karibu kila mahali, wahunzi wakabaki kufua vyuma chakavu.

Wakati tanuri zinazimika, metali ilikuwa inaanza safari nyingine, ya kuingia mwilini. Tangu zamani, katika nchi zote za Maziwa Makuu, waunga mifupa walikuwa wakimtibu aliyevunjika kwa kuunyoosha mfupa kwa mikono, kuufunga kwa mabanzi ya vijiti au matete, na kuuacha mwili ufanye kazi yake. Hospitali za misheni, kama ile ya Waanglikana pale Murgwanza na ile ya Wakatoliki pale Rulenge, zilileta plasta ya jasi ambayo watu huiita hogo, pamoja na uzito wa kuvuta mguu kitandani. Njia hizo zote zilikuwa na sifa moja: kitu kilichotibu kilikaa nje ya ngozi, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuuliza kama seli za mfupa zinakivumilia. Swali hilo lilizaliwa pale madaktari wa Ulaya, akiwemo William Arbuthnot Lane wa London mwishoni mwa karne ya 19, walipoanza kufunga mifupa kwa bamba na skrubu za chuma zilizowekwa ndani. Bamba hizo zilishika kutu, zikalegea, na nyama iliyozizunguka ikageuka rangi na kuoza, ikadhihirika kwamba chuma cha kawaida, hata kikiwa safi machoni, hakifai kukaa katika damu yenye chumvi.

Tiba iliyopatikana ilitokana na nikeli. Katika kampuni ya Krupp ya Ujerumani, mwaka 1912, chuma kilichanganywa na kromiamu na nikeli kikapatikana chuma cha pua kisichoshika kutu, na aina yake ambayo bado hutumika katika upasuaji ina nikeli ya takribani asilimia 10 hadi 15. Kromiamu hujenga juu ya metali utando mwembamba wa oksidi unaoizuia isiliwe, na nikeli huupa mchanganyiko mpangilio imara wa ndani. Mwaka 1939 Gerhard Küntscher alipitisha fimbo ya metali ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, na wazo hilo limefika hadi hospitali za Tanzania, ambako Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ambayo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa, hutumia fimbo za shirika la SIGN zilizobuniwa ziweze kuwekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Kijana aliyevunjika paja katika ajali ya bodaboda barabara ya Lusahunga, akipata bahati ya kufika huko, hurudi nyumbani akiwa amebeba ndani ya mguu metali ya jamii ileile inayolala Kabanga.

Kabanga yenyewe iko katika ukanda wa miamba ya kale, yenye umri wa takribani miaka bilioni 1.4, ambao unaendelea hadi Musongati nchini Burundi, na mtapo wake una nikeli zaidi ya asilimia 2 pamoja na shaba na kobalti. Uligunduliwa katika utafiti uliofadhiliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, kisha ukapita mikononi mwa Sutton Resources, Barrick, Xstrata na Glencore kwa zaidi ya miongo miwili bila mgodi kufunguliwa. Leseni hodhi ilifutwa mwaka 2018, na Januari 2021 Serikali ilitia saini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel, yenyewe ikiwa na asilimia 16 ya hisa, na mpango ukiwa mtapo usafishwe Kahama badala ya kusafirishwa nje ukiwa ghafi.

Hata hivyo nikeli iliyotulizwa ndani ya chuma cha pua si sawa na nikeli iliyo huru. Ayoni zake, yaani atomi zilizopoteza elektroni na kuyeyuka katika maji ya mwili, huamsha mzio wa ngozi kwa watu wengi, hasa waliozoea kuvaa vipuli vya bei nafuu, na zikizidi huziumiza seli. Funzo kali zaidi lilitoka Clydach, kusini mwa Wales, ambako tangu mwaka 1902 nikeli ilisafishwa kwa njia ya Ludwig Mond: gesi ya monoksidi ya kaboni hupitishwa juu ya nikeli ghafi, huungana nayo kuwa mvuke, kisha mvuke hupashwa moto na kuacha metali safi. Hapa pia kaboni na nikeli zinafanya kazi pamoja, lakini katika miaka ya 1930 ilibainika kwamba wafanyakazi wa mtambo huo walikuwa wakiugua saratani ya pua na ya mapafu kupita kiasi cha kawaida, na mwaka 1990 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ukaiweka michanganyiko ya nikeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Bidhaa ilikuwa safi kabisa. Hatari ilikuwa katika vumbi na mabaki ya kuitengeneza, na miili ya wafanyakazi ndiyo iliyotoa ushahidi wa kwanza.

Grafini iliingia katika historia hii mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walipoitenga kutoka katika grafiti kwa utepe wa gundi, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2010. Ni nyepesi, ngumu mno, na ina uso mpana unaonasa protini na dawa kwa urahisi. Mfupa kwa upande wake si kitu kilichokufa: seli jenzi huuongeza, seli bomozi huumeng'enya, na zote hukaa katika mchanganyiko wa kolajeni, ambayo ni protini yenye nyuzi, na hidroksiapatiti, ambayo ni madini ya kalsiamu na fosfati. Mfupa ukivunjika bila kupoteza kipande huungana wenyewe, lakini pengo likiwa kubwa, daktari hulazimika kukata kipande cha mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kukipandikiza, kwa maumivu ya jeraha la pili. Ndiyo maana viunzi bandia vinatafutwa, yaani vitu vyenye vinyweleo ambamo seli zinaweza kuingia, kushika na kujenga.

Mwaka 2011 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba seli shina za binadamu, ambazo bado hazijaamua kuwa seli za aina gani, zikilazwa juu ya grafini hugeuka kuwa seli za mfupa haraka, kwa kasi inayokaribia ile ya protini kichocheo ya ukuaji inayouzwa kwa bei kubwa. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba grafini huvikusanya karibu na seli vichocheo vilivyomo katika maji ya kuoteshea. Mwaka huohuo wataalamu wa Shenyang, China, walipata njia ya kuifanya grafini iwe kitu chenye kimo na upana badala ya utando tu. Walichukua povu la nikeli, ambalo ni metali yenye matundu kama sifongo, wakaliweka katika joto la takribani nyuzi 1,000 pamoja na gesi ya methani, nikeli ikainyonya kaboni ya gesi hiyo, na ilipopoa kaboni ikatoka na kutanda juu ya kuta zake zote. Kisha wakaiyeyusha nikeli kwa asidi, likabaki povu la grafini lenye umbo la kiota chake cha zamani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walizilaza seli shina juu ya povu la namna hiyo, nazo zikaanza kuonyesha dalili za kuwa seli za mfupa hata bila kuongezewa kichocheo. Mzee wa Kirongo asingeitambua maabara hiyo, lakini tendo lenyewe, la kuilazimisha metali imeze kaboni motoni na kusubiri ipoe, lilikuwa tendo lake.

Tofauti ni kwamba fundi wa Rusubi alikitaka chuma na kuyatupa mavi yake, ilhali fundi wa grafini huitupa metali na kuihifadhi kaboni, na swali la usalama linategemea ni kiasi gani cha metali kimekataa kutupika. Nikeli kidogo iliyonaswa kati ya tando za povu inaweza kuvuja polepole ndani ya mfupa, na seli zikifa katika jaribio, mtafiti asiyepima mabaki hawezi kujua kama muuaji ni grafini au ni nikeli. Hali hiyo inaikumba pia oksidi ya grafini, ndugu yake aliyeongezewa oksijeni ili achanganyike na maji. Benjamin Brodie aliitengeneza ya kwanza huko Oxford mwaka 1859, na tangu mwaka 1958 hutengenezwa zaidi kwa njia ya Hummers, inayotumia asidi ya salfa na pamanganeti ya potasiamu, kwa hiyo isipooshwa vizuri huja na manganizi na salfa. Majaribio mengi ya mwanzo yaliyotoa majibu yanayopingana, haya yakisema kitu ni salama na yale yakisema ni sumu, yalikuwa yakipima vitu viwili tofauti vilivyoitwa kwa jina moja.

Baada ya usafi, mambo mengine huamua. Utafiti mmoja wa mwaka 2011 ulikuta kwamba oksidi ya grafini chini ya mikrogramu 20 kwa mililita haikuzidhuru seli za tishu unganishi za binadamu, ilhali zaidi ya mikrogramu 50 ilizidhuru waziwazi, na panya waliodungwa dozi kubwa walipata vinundu vya uvimbe katika mapafu. Vipande vyenye ncha kali vinaweza kupasua utando wa seli. Vingine huchochea ndani yake molekuli za oksijeni kali zinazounguza protini na vinasaba. Ukubwa wa kipande huamua kama seli itakimeza au itakizingira. Kwa upande wa matumaini, mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba kimeng'enya cha seli nyeupe za damu za binadamu kinaweza kuivunjavunja grafini, na mwaka 2024 watafiti wa Edinburgh na Manchester waliripoti kwamba watu 14 waliojitolea kuvuta oksidi ya grafini safi sana, kwa saa 2 na kwa kiwango kilichodhibitiwa, hawakupata madhara ya muda mfupi. Saa 2 si miaka 20, na pafu si mfupa. Lakini kiunzi ambamo grafini ni sehemu ndogo tu iliyoshikwa imara ndani ya hidroksiapatiti, kolajeni au plastiki inayoyeyuka mwilini kina hatari tofauti kabisa na unga unaoelea, na ndicho chenye uwezekano mkubwa wa kufika hospitalini. Mpaka sasa ushahidi mwingi ni wa vyombo vya maabara na wa panya na sungura.

Kwa hiyo wakazi wa Murgwanza, Rulenge na Biharamulo hawana sababu ya kuitarajia grafini katika wodi za karibu, wala ya kuiogopa. Wana sababu kubwa zaidi ya kuikumbuka Clydach. Nikeli ya Kabanga inatafutwa kwa ajili ya betri na chuma cha pua, na vumbi la kwanza litakalotoka halitakuwa katika maabara ya Singapore bali katika mapafu ya vijana wa Ngara na ya watakaofanya kazi Kahama. Rekodi za afya za wafanyakazi hao, na za vijiji vinavyozunguka mgodi, zianze kuandikwa kabla ya tani ya kwanza kuchimbwa, zitunzwe na hospitali za wilaya wala zisiachwe mikononi mwa mwenye mgodi peke yake, na ziwe wazi kwa watafiti wa Kitanzania watakaotaka kuzisoma miaka 30 baadaye.